Mashine ya gemu za zamani kwa Raspberry Pi: anza na umeme, vitufe baadaye

Mkuu, umesema unayo Raspberry Pi 3, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, na monita ya zamani, uko hapa hapa Dodoma, na unataka kumtengenezea mwanao mashine ya kusimama ya kuchezea gemu kama Pac-Man. Umeuliza ununue vitufe gani kwanza. Mimi niko Nkuhungu, yangu ina mwaka wa pili sebuleni, na nakuomba vitufe uviweke kando. Shughulikia umeme kwanza.

Mwezi wa kwanza yangu ilikuwa inajizima na kujiwasha katikati ya gemu. Nikailaumu programu, nikaifuta RetroPie, ile programu ya kuchezeshea gemu za zamani kwenye Pi, na kuipakia upya mara tatu. Kumbe kwenye kona ya skrini kuna alama ndogo ya radi, ya njano, ilikuwa inatokea na kupotea huku naiangalia tu. Alama ile inakwambia umeme unaoingia kwenye Pi umeshuka chini ya volti 4.63. Nilikuwa natumia chaja ya simu na waya mrefu, mwembamba. Pi 3 inataka volti 5 na ampea 2.5, na waya uwe mfupi na mnene. Nilipobadilisha, tatizo liliisha siku hiyo hiyo. Ukitaka uhakika, cheza nusu saa kisha fungua sehemu ya kuandika amri (terminal) ya Pi, andika vcgencmd get_throttled. Likija jibu 0x0, umeme unatosha.

Halafu kuna kukatika. Umeme ukikatika wakati kadi ya memori inaandikwa, mafaili yanaweza kuharibika na mashine isiwake tena. Imenikuta, na mwanangu alipoteza gemu zote alizokuwa amezihifadhi. Roho iliniuma kweli. Siku hizi tunazima kwenye menyu kwanza, ndipo swichi ya ukutani, na kadi nzima nimeinakili kwenye kompyuta.

Kwenye mbao, angalia unene wa sehemu ya mikono. Fundi seremala alinitumia MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ya milimita 18. Sanduku likatoka imara, lakini mti wa joistiki ukabaki mfupi na vitufe vya kubana havikushika, maana vile vimetengenezewa bati jembamba. Ilibidi achimbe kwa chini mpaka pabaki milimita chache. Kwa hiyo chukua vitufe vya kufunga kwa nati, na kabla ya kutoboa matundu ya milimita 30, yapange kwenye boksi tupu la mafuta ya kula, mwanao aweke mikono. Mimi nilisogeza vitufe mara nne kwenye boksi lile.

Vumbi letu unalijua, hasa upepo wa Julai na Agosti. Toboa matundu ya hewa nyuma, yafunike kwa kitambaa cha stokingi, ukikung'ute kila wiki, la sivyo Pi itapata joto na kupunguza kasi.

RetroPie haiji na gemu. Pac-Man ni ya 1980 lakini bado ina wenyewe, kwa hiyo usije ukaiweka kibandani kwa kulipisha. Tovuti ya MAME, programu inayoiga mashine za gemu za zamani, ina chache zilizoruhusiwa kwa matumizi yasiyo ya biashara, Gridlee ikiwemo. Hiyo inatosha kujaribia vitufe vyako.

Monita yako ina tundu la HDMI au VGA tu? Kama ni VGA utahitaji kigeuzi, na nacho kinakula umeme wa Pi. Nijibu hilo kabla hujanunua chaja.