Kutoka Mwanjelwa hadi theluji ya Lesotho, bila gari

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tukuyu kanitumia swali fupi: "Kaka, kwenda Uswisi kuteleza kwenye theluji ni shilingi ngapi?" Swali hili linanijia kila baridi ikianza, na jibu langu halipendezi watu: Uswisi iache kwanza. Ada ya kuomba viza ya Schengen, ile ya kuingilia Uswisi na jirani zake wa Ulaya, peke yake ni yuro 90, na ukinyimwa viza hairudi. Juu yake kuna bima ya yuro 30,000, taarifa za benki, na nauli za kwenda Dar kutoa alama za vidole. Mtu wa Mbeya mwenye bajeti ndogo ana theluji upande wa kusini, na anaifikia kwa basi. Iko Lesotho, kwenye kituo cha skii, yaani cha kuteleza kwenye theluji, kinachoitwa Afriski, kando ya barabara ya A1 kati ya miji ya Butha-Buthe na Mokhotlong. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, miezi ileile ambayo kwetu Kitulo nyasi zinaamka zimeganda.

Wengi huanza kupanga kwa kuuliza nauli ya Tunduma. Anza na mwisho wa safari. Kutoka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000, na huko mabasi hayakosekani. Kinachokula hela na siku ni kipande cha mwisho, kutoka Butha-Buthe kupanda mlimani, ambacho hakifiki hata kilomita 100. Usitegemee kukuta basi la kituo linakusubiri. Unapanda gari la abiria linalokwenda Mokhotlong, unamwambia kondakta akushushe Afriski, na gari linaondoka likijaa, kama Hiace zetu za Chunya. Ukifika stendi mchana, unaweza kukaa mpaka giza bila gari kujaa. Tena njia inapanda Moteng, mita 2,820, halafu inashuka na kupanda tena hadi Mahlasela, mita 3,222. Theluji ikianguka sawasawa, gari lisilo na minyororo ya tairi linabaki chini, na wewe na begi lako mnabaki nalo. Kwa hiyo Butha-Buthe lala usiku mmoja, saa 12 asubuhi uwe stendi.

Sasa rudi nyuma na kalenda. Wikiendi kituo kinajaa watu wa Johannesburg wenye magari yao, na likizo ya shule za Afrika Kusini, ya Juni na Julai, ndiyo ghali kuliko siku zote. Tafuta Jumanne hadi Alhamisi, Agosti mwanzoni, na ulipie kitanda kwenye bweni la wasafiri kabla hujanunua tiketi yoyote ya basi. Ukitaka kupanda mlimani Jumanne, Jumatatu uwe Butha-Buthe, Jumapili Johannesburg, na Ijumaa uwe umeshapanda basi la Lusaka kwenda Johannesburg, ambalo huchukua saa 24 na zaidi. Mbeya unaondoka Jumatano alfajiri. Hesabu hiyo ina siku mbili za akiba, moja Lusaka na moja Johannesburg, na zote mbili zina kazi: foleni za mpakani hazijui kwamba umelipia bweni. TAZARA ni rahisi kwa nauli na inapendeza macho, lakini kwa safari yenye tarehe sikushauri. Treni ikichelewa siku moja, basi la Ijumaa limekwenda.

Lusaka uliza basi linapita wapi. Mengine hupita Chirundu, Harare na Beitbridge (mpaka wa Zimbabwe na Afrika Kusini), mengine Livingstone na daraja la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021, kisha Botswana. Mimi ningechagua Kazungula hata nauli ikizidi kidogo, maana Beitbridge msimu wa likizo unaweza kukesha umesimama. Pasipoti ya Tanzania hupita njia hii bila viza kwa ziara fupi, ila masharti hubadilika, thibitisha wiki moja kabla. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni pamoja na pasipoti, na karatasi ya kitanda ulicholipia uichapishe, usiiache kwenye simu iliyoisha chaji. Mhuri wa Afrika Kusini usome hapohapo dirishani. Tarehe iliyoandikwa ndiyo mwisho wako, na ukiizidisha hata kwa siku chache unaweza kufungiwa kuingia kwa miezi 12. Ukizidisha siku 30, miaka mitano.

Jambo dogo linalowaacha watu na mabasi: saa. Zambia na nchi zote za mbele yake ziko nyuma yetu kwa saa moja. Tiketi ya Nakonde iliyoandikwa 15:00 ni saa 10 jioni kwa saa ya Tunduma. Na parachichi za Rungwe, maharage mabichi, nyama ya kukausha, acha nyumbani, zitachukuliwa mpakani.

Fedha. Loti moja ya Lesotho (zikiwa nyingi huitwa maloti) ni sawa na randi moja ya Afrika Kusini, na randi zinapokelewa Lesotho yote. Kinyume chake hakipo: maloti dukani Afrika Kusini hawapokei. Ukirudishiwa chenji ya maloti, imalize kabla hujavuka. M-Pesa utaikuta Lesotho na utafurahi bure, ni ya laini zao. Kwa mpaka wa kuingia Lesotho, Caledonspoort ndio ulio karibu na Butha-Buthe lakini hufungwa usiku. Ukichelewa, Ficksburg Bridge na Maseru Bridge huwa wazi saa 24.

Tuje kwenye nguo, maana hapa ndipo mtu wa Nyanda za Juu anampita yule wa Johannesburg anayenunua vipya dukani. Jaketi na suruali za skii zimo ndani ya belo za mtumba za nguo za baridi, na pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, zinauzwa kwa jina la koti la baridi tu. Nunua Januari au Februari. Mei ikifika, kila mtu anatafuta koti na bei inajua hivyo.

Jaketi ligeuze ndani nje. La skii lina sketi fupi yenye mpira kiunoni, inazuia theluji isipande mgongoni ukianguka. Wengine huikata wakidhani ni bitana iliyoachia, na likikatwa usilichukue. Angalia mishono ya mabega: inatakiwa iwe na ukanda mwembamba uliobandikwa juu yake. Pitisha ukucha. Ukanda ukiinuka, maji yatapita hapo. Kisha sugua kitambaa cha ndani kati ya vidole viwili, hasa kwenye shingo na kwapani. Kikipukutika unga mweupe kama wa chapati iliyokauka, ule utando wa kuzuia maji umekufa, na hakuna fundi wa kuufufua. Mwombe muuzaji maji kwenye kifuniko cha chupa, mimina begani. Matone yakiviringika na kudondoka, lipia. Yakizama lakini utando wa ndani ni mzima, bado linafaa: lifue kwa sabuni laini, suuza sana, pulizia dawa ya kuzuia maji. Zipu ivute mara tatu ukiwa umevaa glavu, kwa sababu ndivyo utakavyoivuta kule.

Jaketi la manyoya ya bata liache hata kama ni zuri. Likilowa linalala kama kuku aliyenyeshewa na joto linaisha. Ndani vaa fulana ya michezo ya poliesta au sufu nyembamba, juu yake sweta, juu yake jaketi. Pamba hapana, na jinzi hapana kabisa: zinanyonya jasho na maji halafu zinakugandia mwilini. Helmeti usinunue mtumba, kodi kule. Ikishapigwa mara moja, povu la ndani linapasuka bila kuonekana nje, na huwezi kujua iliangushwa wapi.

Viatu na skii zenyewe, vile vibao virefu vya kutelezea, utakodi. Namba ya kiatu cha skii ni urefu wa mguu kwa sentimita. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama wima, weka alama kwenye kidole kirefu, pima. Ukipata 26.3 omba 26.5, usikubali 28 kwa sababu eti inaingia kirahisi. Kiatu sahihi, ukisimama wima vidole vinagusa mbele. Ukikunja magoti vinarudi nyuma kidogo. Vaa soksi moja tu, ndefu, ya sufu, na suruali ya ndani isiingie kwenye kiatu. Soksi mbili zinabana damu, na mguu usiopata damu ndio unaokufa ganzi. Karibu kila mgeni hukosea hapa, halafu anasema baridi ya Lesotho ni kali.

Fundi wa pale unapokodi atakuuliza uzito, urefu, umri na kama umewahi kuteleza. Anatumia majibu hayo, pamoja na urefu wa soli ya kiatu, kukaza vishikio vinavyokiachia kiatu ukianguka. Usijiongezee kilo kwa aibu wala uzoefu kwa sifa. Kishikio kikikazwa kuliko kinavyotakiwa, hakiachii, na goti ndilo linalipa. Skii za mwanafunzi zikisimamishwa wima zifike kati ya kidevu na pua, si zaidi.

Sehemu kubwa ya theluji ya pale hutengenezwa na mashine usiku, maji yakipulizwa kwenye hewa ya chini ya sifuri. Kwa hiyo asubuhi mapema mteremko ni mgumu kama kioo, na kuanzia saa 8 mchana unakuwa uji. Somo lako lipange saa 4 asubuhi. Siku ya kwanza lipia somo la wanaoanza na eneo lao tu, usilipie mteremko mkubwa wa kilomita moja ambao hutaugusa. Na ile lifti ya kuvuta: haikaliwi! Ile fimbo inakusukuma kwa nyuma huku umesimama, magoti yamelegea, skii zimeelekea mbele. Mtu akikaa kama yuko kwenye bodaboda, fimbo inashuka naye, na foleni nzima inasubiri aondolewe.

Mwili nao unataka maandalizi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, na kilele cha Rungwe hakifiki 3,000. Afriski hata chini ya mteremko umeshapita 3,000. Siku ya kwanza kunywa maji mengi, pombe iache, teleza kwa muda wa saa mbili tu, upumzike. Kichwa kikiuma kisitulie, shuka Butha-Buthe. Miezi miwili kabla, panda Loleza kila Jumamosi, ila zoezi lenyewe liko kwenye kushuka: shuka taratibu, magoti yamekunjwa, bila kukimbia. Misuli ya mapaja inayouma Jumapili ndiyo itakayokushikilia kwenye theluji. Jua linaakisiwa na theluji kutoka chini, kwa hiyo mafuta ya kuzuia jua paka mpaka chini ya kidevu na puani. Weusi wa ngozi haukingi midomo kupasuka.

Chakula nunua Butha-Buthe: mkate, mayai, mchele, na unga kama huwezi kukaa siku tatu bila ugali, ambao wao wanauita papa. Maharage makavu usijisumbue. Kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, utayapika mpaka gesi iishe.

Bima ya safari isome mpaka mwisho kabla ya kulipa. Nyingi haziingizi michezo ya theluji bila kuongeza fedha, na mguu uliovunjika mlimani hauteremki kwa nauli ya abiria.

Siku ya kuondoka, gari linatoka Mokhotlong likiwa tayari limebeba watu. Simama barabarani mapema, begi moja tu, randi ya nauli mkononi, na uwe upande wa magari yanayokwenda Butha-Buthe. La kwanza likipita limejaa, usirudi ndani kunywa chai.