Jibu: Kwa nini chombo changu kinapinduka kikiruka?

Mkuu, umesema roketi yako ya boksi na mianzi, uliyoiga chombo cha kwenye filamu, inapiga sarakasi hapo Mafinga kabla hata haijavuka miti. Mchawi ni yale mabawa makubwa ya mbele. Huko anga za mbali hakuna hewa, mchoraji anaweka bawa popote. Hewa ya Mafinga haina utani huo.

Weka injini ndani, ilaze roketi kwenye kidole mpaka itulie: hapo ndipo kitovu cha uzito. Kinatakiwa kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, yaani pale nguvu ya hewa inapojumlika ubavuni, kwa walau upana mmoja wa bomba la roketi; mabawa ya mbele hukivuta hicho cha hewa kije mbele. Basi shindilia udongo wa mfinyanzi puani, ongeza na mapezi nyuma. Unaogopa yataharibu sura? Yakate kwenye chupa ya maji, ile plastiki angavu. Ukisogea hatua kumi huyaoni. Mimi niliyabandika kwa gundi ya mbao, yakabanduka kama maganda ya kitunguu. Piga msasa kwanza, tumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya ya sehemu mbili.

Kisha funga uzi kwenye kitovu cha uzito, uizungushe juu ya kichwa. Mkia ukitangulia, udongo bado. Na usiende kurushia Makambako, ule upepo utaipeleka roketi yako Njombe.