Ukiulizwa "How are you?" kazini: ushauri kwa wanaoanza

Mwezi wangu wa kwanza katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Minneapolis, Marekani, muuguzi wa zamu alikuwa akinipita kwenye korido kila asubuhi na kusema, "Hi, how are you?" Siku ya kwanza niliweka chini kapu la mashuka, nikamgeukia, nikaanza kumjibu kama nilivyolelewa kujibu: kwamba namshukuru Mungu, kwamba nimeamka salama ingawa basi lilichelewa na baridi ilinipata kituoni, na kwamba nami ningependa kujua habari za nyumbani kwake. Nilipofika kwenye habari za basi, yeye alikuwa amekwisha kukata kona. Nilibaki na kapu langu, nikaumia, na kwa wiki kadhaa niliamini kwamba mama yule ananidharau.

Haikuwa dharau. Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi au masomo mahali ambapo Kiingereza ndiyo lugha ya korido na ya chumba cha chai, kwa sababu nimewaona wengi wakiumia kama nilivyoumia, na baadhi yao wakaacha kabisa kusalimia. Aliyeacha kusalimia huonekana mkali au mwenye kinyongo, kumbe amevunjika moyo tu, na wenzake hawawezi kulijua hilo.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba "How are you?" ni salamu iliyovaa vazi la swali. Sisi hatupaswi kulishangaa, kwa maana tunazo za namna hiyo tele. Anayesema "Hujambo?" anauliza kama kuna jambo lililokupata, lakini mtu aliyelala na homa siku ya tatu hujibu "Sijambo" kwanza, kisha ndipo aeleze habari ya homa. Kijana akiulizwa "Mambo vipi?" husema "Poa", na hakuna anayemtaka ayahesabu mambo yenyewe. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika visiwa vya Trobriand, karibu na Papua Guinea Mpya, alieleza mwaka 1923 kwamba kuulizana hali na kutaja hewa ya siku ni maneno ya kuwaunganisha watu, wala si ya kupashana habari. Tofauti iliyopo kati yetu na wale wa korido ya Minneapolis ni ya urefu. Sisi huzunguka: habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, na kila mzunguko unaongeza heshima. Wao huzunguka mara moja, mara nyingi huku wakitembea, na kwao kutomchelewesha mwenzako ni sehemu ya heshima yenyewe.

Aliyenifungua macho alikuwa dada mmoja wa Kikenya aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi. Wakenya wanaofanya kazi za uuguzi na utunzaji katika jimbo la Minnesota ni wengi, na mgeni mwenye bahati hukutana nao mapema. Aliniambia, "Mdogo wangu, ukiulizwa, mjibu neno moja, mrudishie, tembea. Akitaka mengi atasimama mwenyewe."

Jibu lenyewe basi ni hili: "Good, thanks. How are you?" Lina sehemu mbili, na sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika na wageni wengi. Ukisema "Good" ukanyamaza, umeipokea salamu bila kuirudisha, ni kama mtu akuambie "Habari za asubuhi?" nawe ujibu "Nzuri" na kuingia ndani. Kuna pia jambo la sauti ambalo sikufundishwa shuleni, nami nalitaja kwa kirefu kwa sababu lilinisaidia kuliko msamiati wowote. Anayeanza salamu hukaza sauti kwenye neno la katikati, "how ARE you?" Anayerudisha huisukuma sauti hadi neno la mwisho, "how are YOU?", kama sisi tunavyosema "Na wewe je?" Ukirudisha kwa mkazo ule wa kwanza, unasikika kama mtu ambaye hakusikia kwamba amekwisha kusalimiwa. Sikilizeni wenzenu kwa siku mbili tu na mtaugundua mkazo huo, kisha mjizoeze mkiwa peke yenu. Mimi nilijizoeza nikingoja basi, kwa sauti ya chini.

Wengi wetu tuliingia na jibu la shule ya msingi, lile ambalo darasa zima lilisimama na kuliimba kwa mwalimu: "I am fine, thank you, and you?" Halina kosa la sarufi, na hakuna atakayekucheka ukilitumia. Lakini likisemwa kwa sauti bapa, hasa neno "fine" likiwa peke yake, Wamarekani wengi huhisi kwamba msemaji ameudhika na hataki kuulizwa zaidi. "Good", "Pretty good" au "Doing well" husikika kwa wepesi zaidi. Wapo wazee na walimu wanaoshikilia kwamba "I'm good" si sahihi na kwamba ingepaswa kuwa "I'm well". Yote mawili yanakubalika kazini, wala msijitese. Angalieni tu kwamba mtu akikukaribisha kahawa, "I'm good" maana yake ni kwamba huihitaji, na kahawa haitakuja.

Siku ambayo mambo si mazuri sana lakini hutaki kueleza, Kiingereza kina ngazi zake kama sisi tulivyo na zetu. "Not bad" na "Can't complain" hukaa karibu na "Si haba". "Hanging in there" ni ndugu wa "Tunasukuma": inakubali kwamba mzigo upo, haisemi ni mzigo gani, na humwachia msikilizaji hiari ya kuuliza.

Nilipohamia Uingereza nilidhani somo hili nimelimaliza. Asubuhi ya kwanza mfanyakazi mwenzangu aliniambia, "You all right?" nami nikajitazama nguo, nikajishika uso, nikamuuliza kama anaona tatizo lolote. Hakuwa ameona lolote. Ndivyo anavyosalimia kila mtu. Kwa Mmarekani maneno hayo huulizwa mtu aliyeanguka au anayelia, na kwa Mwingereza ni "Mambo?" ya kawaida, inayojibiwa "Yeah, you?" au "Not bad, thanks. You?" Kuhusu "How do you do?" ambayo vitabu vyetu vya zamani viliipa kurasa nyingi, sasa ni nadra kuisikia isipokuwa watu wanapotambulishwa kwa heshima kubwa, na jibu lake la desturi ni kuirudisha vile vile ilivyo.

"What's up?" inataka uangalifu kidogo. Ikisemwa njiani, jibu ni "Not much, you?" na hutaji shughuli zako. Lakini ukiwa wewe ndiye uliyegonga mlango wa ofisi ya mtu, au uliyempigia simu, naye akasema "What's up?", hapo anakuuliza shida yako, na inafaa umweleze mara moja.

Kwenye lifti, kwenye chumba cha chai, au dakika chache kabla kikao hakijaanza, watu wamesimama mahali pamoja na salamu fupi haitoshi kujaza muda. Nafasi ya namna hii ndiyo inayowatesa wageni, kwa sababu wamejifunza kujibu kwa ufupi na sasa ufupi huo unaleta ukimya mzito. Nilichokiona kikifanya kazi ni kuongeza kitu kimoja kidogo kati ya jibu na swali la kurudisha: "Good, thanks. The bus was packed this morning. How about you?" Kitu hicho kiwe chepesi, kisiwe cha fedha, cha ugonjwa wala cha siasa, na kimpe mwenzako mahali pa kushika. Ijumaa wataulizana mipango ya wikendi na Jumatatu wataulizana wikendi ilikwendaje. Kuwa na sentensi moja tayari, hata kama ulilala na kufua nguo. "Quiet, but nice" ni jibu kamili.

Hewa ndiyo mada kuu, na sheria yake ni kukubaliana. Mtu akisema "Cold, isn't it?" anakunyoshea mkono, haombi ripoti ya idara ya hali ya hewa, kwa hiyo usimjibu kwamba jana ilikuwa baridi zaidi. Sema "Freezing!" na mtakuwa mmesalimiana. Walioko Marekani wakumbuke kwamba nyuzi zinazotajwa ni za Farenhaiti: anayelalamika kwamba leo ni nyuzi 20 anazungumzia karibu nyuzi 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi tuliyoizoea, na mgeni aliyetoka Mwanza au Mombasa anaweza kumpongeza kwa siku nzuri.

Katika mada hiyo hiyo kuna mtego wa maswali ya kukanusha. Asubuhi moja baada ya theluji kubwa msimamizi wangu aliniuliza, "You didn't get stuck, did you?" Kwa akili ya Kiswahili nilijibu "Yes", nikimaanisha ndiyo, ni kweli sikukwama. Akaanza kunihurumia na kuniuliza ni nani aliyenisaidia kulitoa gari. Kiingereza hufuata ukweli wa tendo lenyewe: kama hukukwama, jibu ni "No", na ni salama zaidi kulimalizia, "No, I didn't."

Yako maneno yetu ambayo yanakataa kuvuka. "Shikamoo" haina njia, na moyo unasita kumwita mtu mwenye umri wa mama yako kwa jina lake la kwanza. Mfuate jinsi alivyojitambulisha mwenyewe, kwa sababu jina alilokupa ndilo analotaka kuitwa. "Umeamkaje?" ukiligeuza kuwa swali la usingizi humfaa mgeni aliyelala nyumbani kwako, si bosi wako. Lakini linalotusumbua zaidi ni "pole". Mwenzangu mmoja alinijibu kwamba amechoka, hakulala kwa sababu mwanawe anaota meno. Nikamwambia "Sorry", nikiwa na pole yangu yote moyoni. Alinitazama kidogo, akasema, "It's not your fault." Neno hilo likisimama peke yake, masikio mengi hulisikia kama kuomba radhi. Mpe sentensi nzima, "I'm sorry to hear that", kisha swali dogo la kuonyesha kwamba umesikia, "Is he feeling better now?" Nayo "Pole na kazi" usijaribu kuitafsiri, anayemaliza zamu mwambie "Get some rest."

Kwenye ujumbe wa simu na kompyuta ya kazini, desturi yetu ya kutuma "Habari za asubuhi" na kungoja jibu kabla ya kusema haja inawahangaisha wenzetu, kwa sababu wanaona tu "Hi, how are you?" na hawajui kama waache walichokuwa wakifanya. Andika salamu, haja yako na shukrani katika ujumbe mmoja. Ukipokea barua pepe inayoanza kwa "I hope you are well", huhitaji kueleza afya yako. Ni sawa na "natumaini hujambo" la barua zetu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya niandike haya yote. Ukishazoea kujibu "Good, thanks" mara ishirini kwa siku, jibu hilo huanza kutoka lenyewe, hata pale ambapo swali ni swali kweli. Nimeshuhudia hili kwa daktari. Mgonjwa anaingia, daktari anasema "How are you today?", mgonjwa anajibu "Fine", na kwa kuwa amekwisha kusema yu mzima anaona haya kugeuka na kutaja maumivu. Usione haya. Ile ya kwanza ilikuwa salamu, swali lake huja baadaye, "What brings you in today?", na hapo eleza yote bila kufupisha. Daktari asipoliuliza, anza mwenyewe.

Mama yangu alipofariki Mwanza niliendelea kwenda kazini, kwa kuwa sikujua la kufanya. Siku ya pili msimamizi wangu aliingia chumba cha mapumziko, akafunga mlango, akavuta kiti, akakaa mbele yangu na kusema kwa sauti ya chini, "How are you doing?" Alama zote zilikuwepo: hakuwa akitembea, alikuwa akinitazama machoni, na alipomaliza kuuliza alinyamaza akingoja. Nikamjibu, "Good, thanks. How are you?" Alingoja kidogo zaidi, akanigusa bega, akatoka. Baada ya mazishi kupita ndipo nilipoambiwa na wenzangu kwamba alikuwa amesikia habari, na kwamba alikuwa amekuja kunipa siku za ruhusa ya msiba, ila hakutaka kunilazimisha kusema nisichotaka kusema.

Sentensi niliyoikosa siku ile ni "Actually, not so good. Do you have a minute?" Neno lake la kwanza humjulisha msikilizaji kwamba salamu imekwisha na sasa unajibu swali, na mwisho wake humpa nafasi ya kukaa, au kukuambia ni saa ngapi ataweza kukaa. Iwekeni kichwani kabla hamjaihitaji, maana mtu mwenye msiba hatungi sentensi katika lugha ya kigeni. Niliitumia kwa mara ya kwanza miezi mitatu baadaye, kwa msimamizi yule yule, naye alivuta kiti tena.