Jibu: Zulia lililotobolewa na kaa la chetezo

Salaam, ndugu. Umeuliza kama kulinyunyizia zulia lako la sebuleni maji ya boraksi (unga mweupe wa chumvi ya madini) kutalizuia lisishike moto tena, baada ya kaa la chetezo kulitoboa. Kabla hujanunua chochote, chomoa nyuzi chache ukingoni, zishike kwa koleo nje ya nyumba, kisha uziwashe: sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe na kuacha majivu yanayosagika, ilhali plastiki iitwayo polipropilini, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi za Selsiasi, huganda ikawa kidonge kigumu. Zulia langu lilikuwa la namna hii ya pili, na boraksi niliyotumia ilipotea bure, kwa kuwa mchanganyiko wake na asidi ya boriki, kemikali ya jamii yake, hufaa pamba, nako pia huondoka kwa kufuliwa. Tena asidi hiyo si salama kwa mtoto anayetambaa, jambo ambalo kwangu peke yake lilitosha kuniachisha. Sasa chetezo hukaa juu ya sinia lenye mchanga, kwenye sakafu tupu, na zulia jipya nimechagua la sufu, ambayo huhitaji nyuzijoto zaidi ya 500 ndipo iwake.