Unga wa lishe unakuwa mchungu baada ya wiki mbili: kosa liko wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 9, miaka 4 na miezi 10. Naishi Singida. Asubuhi nawapikia uji wa lishe. Nanunua mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga na dagaa, naanika vyote juani, kisha nasagisha pamoja mashineni, kilo kumi kwa mara moja. Wiki mbili za mwanzo uji ni mtamu. Ikifika ya tatu unga unanuka kama mafuta yaliyokaa, na uji unawasha koo kwa uchungu. Mdogo anautema, wa kati analalamika tumbo kujaa gesi. Nimebaki na kilo nne. Nikiuchemsha muda mrefu utafaa? Na safari ijayo nifanyeje?

JIBU: Nzuri, dada yangu, na hongera kwa kuamka mapema kuwapikia wanao. Ulivyovinunua ni vyakula vizuri vyote. Kosa ni kuvisaga pamoja.

Karanga karibu nusu yake ni mafuta, na soya nayo ina mafuta mengi kuliko nafaka. Punje ikiwa nzima, mafuta hayo yamefungiwa ndani. Ukisaga, yanakutana na hewa na joto, yanaanza kuchacha, na ndiyo harufu na uchungu unaousikia. Unga mtupu wa ulezi ungekaa vizuri muda mrefu zaidi, lakini umeufunga pamoja na mwenzake anayeharibika upesi, kwa hiyo wote unaharibika kwa kasi ya karanga. Dagaa nao, wakiwa hawajakauka sawasawa, wanaingiza unyevu.

Gesi ya huyo wa miaka minne naihusisha na soya. Umesema unaanika; hukutaja kuchemsha. Soya mbichi ina viini vinavyozuia tumbo kusaga protini, na jua haliviondoi. Vinaondolewa na moto. Uji ukiepuliwa mara tu unapotokota, kama wengi tunavyofanya asubuhi ya haraka, mchele umeiva lakini soya bado. Kila punje ina muda wake wa kuiva, na ukizichanganya huwezi kuzipa zote haki yake kwenye sufuria moja.

Lipo jambo jingine linalonitia hofu kuliko uchungu, nalo ni sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016, huko kwa majirani zako wa Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafariki. Mahindi waliyokula yalikuwa ya shambani kwao. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, na ikishasagwa huwezi kuiona. Ndiyo maana kwenye kliniki za watoto nawasihi akina mama wazichague karanga kwa mkono, moja moja, kabla hazijafika mashineni: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au iliyotobolewa na wadudu, itupe. Ukizikaanga kidogo na kuzimenya ganda jekundu, utaziona vizuri zaidi.

Basi safari ijayo saga nafaka peke yake. Kwa watoto wako ningechagua ulezi uwe ndiyo msingi. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, yale madini ya mifupa. Mahindi hayafiki hata 20. Upepete, uoshe mpaka mchanga uishe, uloweke usiku mmoja, umwage maji, uanike mpaka ukauke kabisa. Ukitaka uwe laini zaidi, ongeza mchele au mahindi ya dona, sehemu moja kwa tatu za ulezi. Nafaka mbili zinatosha. Usagishe wa wiki mbili au tatu, si kilo kumi, na uweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Karanga zisage kidogo kidogo, za siku chache tu, na ziingie sufuriani wakati wa kupika. Soya iache, karanga na maziwa vinatosha. Ukiipenda sana, ichemshe nusu saa, uikaushe, uisage na kuitunza peke yake. Dagaa warudi kwenye mboga ya mchana.

Kupika kwa watu watano: koroga kikombe kimoja na nusu cha unga kwenye maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, jumla yawe kama lita mbili. Ukishatokota, punguza moto, uache uive dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga. Kisha weka vijiko vinne vya chakula vya karanga zilizosagwa, dakika tano tena, epua. Mkiwa na maziwa, yaingie hapo na yachemke. Siku isiyo na maziwa, kamulia ndimu ukishaepua au weka ubuyu: vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya ulezi. Usitie maziwa na ndimu pamoja, yatakatika. Na chai ya rangi isiende pamoja na uji huo, maana inazuia chuma hicho hicho. Huyo mkubwa wa miaka tisa, kama anakunywa chai, asubiri kama dakika 60 baada ya uji.

Mdogo wa miezi 10 anahitaji utaratibu wake. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi unalijaza maji. Mpikie mzito, usiotiririka kwenye kijiko. Akiukataa, tumia kimea: ulezi ulioloweshwa, ukaoteshwa siku mbili au tatu, ukaanikwa, ukasuguliwa vimizizi na kusagwa. Uache uji wake mzito upoe mpaka uweze kuuonja bila kuungua, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe, koroga. Baada ya dakika chache utaona umelegea, bila tone la maji kuongezwa. Urudishe motoni uchemke tena, kwa sababu unga wa kimea hubeba vijidudu. Asali asipewe mpaka atimize mwaka, na kunyonya kuendelee.

Hawa wawili wakubwa si lazima wanywe uji kila siku. Viazi vitamu vya kuchemsha na yai, au maharage ya jana yaliyopashwa mpaka yachemke, na kipande cha papai, ni kifungua kinywa kizuri kabisa.

Sasa zile kilo nne. Najua ni fedha, na najua uchungu wa kumwaga chakula. Lakini usiuchemshe, usiuchanganye na unga mpya, na usiwape kuku, kwa sababu kama karanga zile zilikuwa na sumukuvu itawadhuru nao pia. Chimba shimo, uufukie.