Uovu wa kale uamshwe na maji

Ndugu yangu, umeuliza ni kitu gani kiamshe uovu wa kale katika riwaya yako ya kutisha huko jimbo la Mississippi, Marekani. Achana na makaburi ya wenyeji wa asili. Wazo hilo limetumika mno, tena linawabebesha lawama watu walioporwa ardhi. Tumia mafuriko ya 1927. Tuta la kuzuia maji ya Mto Mississippi lilipasuka karibu na mji wa Greenville mwezi Aprili, na maelfu ya watu weusi wakazuiliwa juu ya tuta, wakifanyishwa kazi kwa nguvu. Uovu wako uko hapo. Anza na kidogo: maji yamepungua, mama anakwangua tope ukutani, chini yake anakuta alama ya kiganja, bado mbichi. Mwenye kiganja usimwonyeshe mapema, nakusihi.