Kanada hawazai, mbona watu waliongezeka?

SWALI: Shikamoo mhariri. Binamu yangu anasoma chuo Brampton, Kanada. Anasema mtaani kwao Wahindi watupu, wazungu wa kuhesabu. Halafu nasikia serikali ya huko inalia haina watu, na hapo hapo inapunguza wageni. Mbona kama hawaeleweki? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Wengi wanakwama hapo kwa sababu wanaangalia idadi ya watu tu, umri wao hawauangalii.

Kuzaa kweli hawazai. Mwaka 2023 wastani ulishuka hadi watoto 1.26 kwa mwanamke, wakati ili nchi isipungue bila wageni inatakiwa kama 2.1. Lakini mwaka huo huo watu waliongezeka zaidi ya milioni 1.2, kasi ambayo haijaonekana tangu 1957, na karibu ongezeko lote lilipitia uwanja wa ndege, sio leba.

Sasa tazama walioingia ni akina nani. Waliopewa ukaazi wa kudumu ni kama laki 4 na elfu 70, ila wenye vibali vya muda, yani wanafunzi, wafanyakazi wa mkataba na waomba hifadhi, waliongezeka kama laki 8, na mtu akishuka leo anataka pa kulala leo wakati nyumba inajengwa miaka. Huko huko Brampton wanafunzi wamejazana kwenye besmenti, yani vyumba vya chini ya ardhi, za nyumba za watu, godoro kwa godoro, na kila mmoja anatozwa kodi yake. Kuwalaumu hao vijana ni kuwaonea kabisa! Vyuo viliwaita vyenyewe kwa sababu mwanafunzi wa nje analipa ada mara kadhaa ya mwenyeji. Kodi za nyumba zilipopanda na watu kulalamika, Januari 2024 serikali ikaweka ukomo wa vibali vya masomo, na Oktoba ikatangaza ukaazi wa kudumu wa 2025 utakuwa wa watu 395,000 badala ya 500,000 waliopangwa.

Kwa hiyo wafanyakazi wa nje bado wanahitajika, wastaafu wanazidi kuwa wengi na lazima kuwe na wa kulipa kodi za kuwahudumia, ila walifungua mlango kuliko vyumba vilivyokuwepo. Tena mgeni naye anazeeka, na watoto wake wakikulia huko nao wanazaa wachache kama wenzao.

Kuhusu wazungu, hawajaisha, bado ni karibu 7 kati ya 10. Brampton ni mahali pake tu, sensa ya 2021 ilikuta zaidi ya nusu ya wakazi wamezaliwa nje ya nchi, wakati Kanada nzima ni asilimia 23. Wageni wanafuata ndugu na kazi, ndio maana zaidi ya nusu ya waliofika kati ya 2016 na 2021 wako Toronto, Montreal na Vancouver, huku Newfoundland, pembezoni mashariki mwa nchi, wanabaki na wazee. Na kuna wenyeji wa asili, waliokuwepo kabla ya Wazungu kufika, kama milioni 1.8, ambao kwa wastani ni vijana kuliko Wakanada wengine na idadi yao inakua, hao watu wanasahaulika sana kwenye hii mijadala na inaniuma.

Binamu yako mwambie asihesabu kibali cha masomo kama tiketi ya kubaki. Aangalie mapema kozi yake inamruhusu kuomba kibali cha kazi akimaliza au la.

SWALI: Eti kuna mtoto wa Watanzania aliwahi kuwa meya Kanada? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli. Naheed Nenshi, wazazi wake walihama kutoka Tanzania, aliongoza jiji la Calgary kuanzia 2010 hadi 2021. Zamani isingekuwa rahisi, Kanada ilipendelea wahamiaji Wazungu, mwaka 1967 ikaanza kupima waombaji kwa pointi za elimu, lugha na ujuzi, na 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda ikapokea zaidi ya 6,000. Mwaka 1971 wahamiaji wapya 6 kati ya 10 walitoka Ulaya, 2021 akabaki 1 kati ya 10.